Kikombe cha Pembe

Machi 2

Daftari hili amenipa binti yangu. Amesema, "Baba, andika humu dawa za mama, kila akimeza uandike." Nimemwitikia ili aondoke kwa amani. Dawa nazijua, nyeupe asubuhi, ya njano jioni, kwa hilo mtu hahitaji daftari. Karatasi nzuri namna hii siwezi kuijaza vidonge. Nitaandika mambo ya bata.

Mkono wangu wa kuandika ni mzito. Shule niliiacha darasa la tatu, si kwa ujinga, mwalimu alikuwa ananionea wivu.

Mama watoto alipata kiharusi mwezi uliopita akiwa kwenye cherehani yake. Upande wa kulia wote umelala, mkono na mguu. Kinywani limebaki neno moja, "haya." Ukimpa chai, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa anasema kutwa kucha kama redio ya kinyozi.

Binti anataka tuhamie kwake mjini. Anasema kwake hakuna ngazi na zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nikamwambia nimeilisha nyumba hii kwa bunduki kabla yeye hajazaliwa. Kila mvua zikija, bata wakishuka bwawani wakaniona, walikuwa wanaagana. Akasema, "Hiyo ilikuwa zamani, baba." Neno hilo limenichoma. Basi tumepatana: nikileta bata wanne kwa siku moja, kama zamani, kabla mvua hazijakatika, habari ya kuhama imekufa. Nisipoleta, ataleta gari la mizigo na mimi sitafungua mdomo. Tumeshikana mikono juu ya kitanda. Mama alikuwa anatutazama.

Akasema haya.

Machi 4

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale, karibu na kitanda. Nimeweka sufuria.

Machi 5

Nimetoa gobore langu kabatini. Lina mtutu mmoja, mrefu kunipita, na kibali chake kina muhuri wa mwaka huu. Wenye bunduki za kisasa wanacheka. Wacheke. Wao wanatia risasi ya dukani wanavuta, hata mtoto anaweza. Gobore unalijaza kwa mdomo wa mtutu, kitu kimoja kimoja. Kwanza baruti. Juu yake kizibo cha ngozi. Unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu, mpaka isikie. Halafu marisau, zile risasi ndogo kama punje za mtama. Juu kabisa kizibo chembamba cha kadi ili marisau yasimwagike. Mwisho fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, kwenye mtambo. Ukikosea kiasi, umekosea kila kitu.

Kiasi changu hakijawahi kukosea. Baruti napima kwa kikombe cha pembe alichochonga marehemu baba. Marisau napima kwa kifuniko cha shaba cha taa ya zamani. Kikombe kimoja, kifuniko kimoja. Mimi ndiye nilikuwa natoa amri, na mama anamimina kwenye vichupa, kimoja kwa kila mlio, usiku wa kuamkia safari, kwa sababu vidole vyangu ni vinene na vyake ni vya mshonaji. Kazi ndogo hiyo, ya kumimina tu. Sasa namimina mwenyewe.

Binti alipokuja wakati mama yuko hospitali alisugua nyumba nzima. Hata kikombe cha pembe kinanuka sabuni.

Machi 8

Nimekwenda bwawani. Kabla ya kutoka nimempa mama kengele ya baiskeli yangu ya zamani aishike kwa mkono wa kushoto. Akitaka kitu apige, jirani asikie.

Bata walikuja vizuri, chini chini, kama wamealikwa. Nikapiga. Gobore likanirusha bega kana kwamba tuna kesi. Moshi ulipoondoka, bata wote walikuwa hewani na wanaendelea na safari zao. Nikajaza tena, nikapiga tena. Unyoya mmoja umeanguka. Nimeuokota, sijui kwa nini.

Sijakosa shabaha. Mimi sikosi. Marisau yamewafikia lakini hayakupenya, maana yake baruti imekosa nguvu. Yule muuza baruti ameanza kuchanganya na mkaa wa jikoni, nitamwambia.

Magoti yananiuma mpaka nimerudi kama nimebeba mtu.

Machi 9

Mvua. Bega limekuwa la zambarau. Mama ameliona nilipovua shati. Amelitazama, akatazama rafu ya vichupa, akasema haya, haya, haya, kwa hasira. Nikamwambia nimekusikia, mama, nitapaka dawa.

Machi 11

Mvua. Sufuria mbili sasa.

Machi 13

Nimeongeza baruti, kikombe na robo. Nimepiga mara tatu. Nimerudi na tope.

Machi 14

Nimeona jambo. Mdeki wangu una uzi mwekundu, mama aliufunga miaka hiyo. Ukishindilia sawasawa, uzi unakuja sawa na mdomo wa mtutu. Hata nikipima kikombe kimoja tu, uzi unabaki juu kwa upana wa kidole. Kitu kimenenepa humo ndani. Si baruti, kikombe ni kile kile. Si marisau, kifuniko ni kile kile. Ni vizibo.

Nikaenda kwa Gundi. Gundi ni fundi viatu wa pale kona, jina lake halisi amelisahau hata mkewe. Ndiye ananikatia vizibo vya ngozi kwa patasi ya mviringo.

"Vizibo vyako ni vinene," nikamwambia.

"Ngozi ni ile ile, mzee wangu. Kiatu cha mwalimu mstaafu. Mwaka jana ulitumia cha kulia, mwaka huu nimekukatia cha kushoto."

"Basi cha kushoto ni kinene."

"Inawezekana. Alikuwa anaegemea kulia, cha kulia kikalika."

Nikamwambia akate vingine, vyembamba, na aache mdomo. Akakata, mdomo hakuacha. Alipokuwa ananikabidhi akasema, "Mzee, kwa nini unauliza bata? Bata hawasemi. Piga karatasi kwanza. Karatasi haina mabawa, itakaa ikuonyeshe."

Nikamwambia watu wa shabaha kama mimi hatupigi karatasi.

Machi 16

Vizibo vyembamba. Uzi bado uko juu. Nimemkosa bata aliyekaa. Aliyekaa majini, ametulia, kama picha ya kalenda.

Sikutaka kuliandika hili. Limeandikwa.

Machi 17

Mvua. Kumgeuza mama kitandani kumenichosha kuliko bwawa. Zamani alikuwa mwepesi. Au mimi nilikuwa mwingine.

Binti alikuja na sabuni na mashuka. Alipoondoka nikaona cherehani imefungwa kwa shuka la zamani, mafundo mawili, na kikapu cha nyuzi kimewekwa juu yake. Nikajua mama ameomba ifunikwe, kwa ajili ya paa hili. Ana akili bado.

Machi 20

Nimepiga karatasi. Gundi asijue kwamba ni wazo lake. Nimepasua mifuko ya saruji, nikaigongomelea kwenye ubao nyuma ya nyumba, katikati nikachora bata kwa mkaa. Nimepiga hatua za umbali wa bata wa kawaida, nikapiga kikombe na robo.

Nimekwenda kutazama, nikafikiri nimetazama upande usio wake. Marisau yametapakaa pembeni pote, juu, chini, kama mtu aliyenyunyizia mbegu huku anakimbia. Katikati pana tundu. Bata wangu wa mkaa amekaa ndani ya tundu hilo hana hata mkwaruzo.

Nikaongeza baruti, kikombe na nusu. Tundu likawa kubwa zaidi.

Gundi alisikia milio akaja. Sikumwita. Alisimama mbele ya karatasi, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hapa mzee, bata anapita na mkewe na mizigo yao, na bado nafasi ya mgeni inabaki."

"Mtutu umechoka," nikasema.

"Mtutu ndio uliochoka?"

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, na kuinuka kulikuwa kazi.

Machi 23

Nimeosha mtutu kwa maji ya moto mara mbili, masizi yote yametoka, nikapaka mafuta. Tundu liko pale pale. Nimebadilisha kadi. Tundu. Nimepunguza marisau. Tundu, na pembeni sasa ni patupu. Mifuko ya saruji inakaribia kwisha, na wakati wa mvua nani anajenga.

Machi 26

Mvua imekuwa ya vipande vipande. Inanyesha, inafikiri, inanyesha. Binti amepiga simu kwa jirani, ameuliza mama anakula, halafu ameuliza bata. Nikamwambia wako njiani.

Machi 29

Nimemleta mama ukumbini kwenye kiti ili apate hewa. Nilikuwa nimekaa sakafuni na vichupa, namimina. Nikasikia haya. Nikampa maji. Akayasukuma. Haya. Nikafunga dirisha. Haya. Nikafungua. Akapiga kengele ya baiskeli, mimi niko mbele yake, akapiga mpaka jirani akachungulia.

Alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto kwenye kikapu chake cha nyuzi. Nikamletea. Akachakura humo akatoa bonge la nta, lile la njano alilokuwa anapitishia uzi usikatike. Nikafikiri anataka kushona, roho ikaniuma. Akanyoosha mkono tena, sasa kwangu. Anataka kikombe cha pembe.

"Hicho si cha kuchezea, mama. Ni cha marehemu."

Haya, akasema, kwa sauti ile aliyokuwa ananifukuzia jikoni.

Nikampa. Akakibana kati ya magoti. Akamega nta kwa meno, akaiweka chini ya kikombe, akaikandamiza kwa dole gumba. Akamega tena. Alichukua muda mrefu, mate yanamtoka upande, na nilipotaka kumfuta alinipiga mkono. Akatazama ndani kwa jicho moja, akaikwangua kidogo kwa ukucha. Halafu akanirudishia kikombe, akaonyesha baruti.

Hasira zilinipanda. Kikombe cha baba yangu kimefanywa kinyago. Nikamrudisha kitandani. Sikusema neno zuri. Nimekaa nikasema ni ugonjwa, anacheza kama mtoto, nitaitoa kesho kwa kisu.

Machi 30

Sikuitoa. Nilibakiwa na mfuko mmoja wa saruji. Nikasema acha nipige kwa kikombe chake ili nimwonyeshe.

Nikamimina baruti mpaka juu, ikaingia kama theluthi mbili tu ya kawaida. Kizibo. Nikashindilia. Marisau, kadi. Nikatazama mdeki, na uzi mwekundu ulikuwa sawa na mdomo wa mtutu. Sawa kabisa, kama umechorwa hapo.

Nikapiga. Bega halikusema kitu.

Bata wa mkaa alikuwa ameoza kwa matundu. Kichwa, shingo, tumbo, na pembeni yake pote sawa kwa sawa, hakuna mahali pa kupitisha hata mkono. Niliigusa karatasi. Nikakaa kwenye ndoo.

Nikaenda kwa jirani kumpigia binti. Nikamuuliza, ulipokiosha kikombe changu cha pembe, ndani kulikuwa na nini?

"Uchafu, baba. Umeganda chini, mgumu, wa njano. Nimehangaika nao, nikautoa kwa kisu na maji ya moto. Kwani nimeharibu?"

Nikamwambia hapana, hujaharibu, lala salama. Ilikuwa saa tisa mchana.

Maana yake ni hii. Miaka yote nilipokuwa natoa amri, jaza kikombe, yeye alikuwa anajaza kikombe kweli. Ila kikombe alikuwa amekikata kimo kwanza kwa nta yake, na hakuniambia. Na angeniambia nini? Angesema punguza, ningeongeza. Nilikuwa nakwenda bwawani, bata wanaanguka, narudi napita katikati ya barabara ili watu wanione.

Nimeingia chumbani na karatasi, nikaishika mbele yake. Akaitazama kama fundi anavyotazama mshono wa mtu mwingine. Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Nikamwambia, mimi tangu mwanzo nilishuku kikombe.

Haya, akasema.

Aprili 1

Amejaza vichupa kwa mkono wa kushoto, mezani, mimi nimemshikia tu. Nilitaka kusaidia akanitazama.

Aprili 3

Jua kutwa. Watu wanasema mvua zimekwisha. Nimewaambia wasubiri.

Aprili 6

Mawingu mazito toka mchana. Kesho. Nimemwambia mama, kesho. Nimeweka chai kwenye chupa, kengele mkononi, vidonge kwenye kisosi.

Aprili 7

Bata wanne.

Wa kwanza alikuja peke yake kutoka upande wa matete, nikamwacha apite kidogo, nikapiga akiwa juu, akaanguka bila kupiga bawa. Wa pili na wa tatu walianguka kwa mlio mmoja. Kwa mlio mmoja, na Gundi akibisha nitamwonyesha. Halafu mvua ikamwagika, mvua kubwa, nikakinga mtambo kwa kofia ili fataki isilowe. Nikakaa kwenye maji ya magotini muda mrefu mpaka sikuwa na miguu. Ningeweza kurudi na watatu. Nilimkumbuka binti aliposema zamani. Nikakaa. Wa nne akaja mwenyewe, mnene, mchovu kama mimi, nikampiga.

Nilirudi nimewaning'iniza mbele na nyuma. Nilipita katikati ya barabara, lakini kwa mvua ile hakukuwa na mtu wa kuniona.

Kengele nimeisikia nilipoweka mkono mlangoni. Kabla ya hapo mvua ya bati ilikuwa imeimeza yote, jirani hakusikia, hata mimi pale kizingitini niliisikia kwa taabu. Mlio mmoja, kimya, mlio mmoja, kimya.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, chini ya lile tundu la paa. Nadhani alitaka kusogeza sufuria iliyofurika. Nguo imelowa yote, midomo imekuwa ya rangi ya bega langu, mguu umekunjika chini yake. Macho yake yalikuwa makavu. Dole gumba lilikuwa limechubuka kwa kubonyeza kengele. Chai ilikuwa mezani, imejaa vile vile kwenye chupa. Vidonge viko kisosini.

Nilijaribu kumwinua nikashindwa. Naandika hivyo hivyo. Mimi ninayebeba bata wanne na gobore, sikuweza kumwinua mke wangu. Miguu haikuwepo. Nikakaa naye chini kwenye maji, nikamfunika kwa koti langu lenye tope na manyoya. Nikachukua kengele nikapiga mimi, tukapiga pamoja, mpaka mvua ilipopungua na Gundi akaja.

Gundi hakusema mzaha. Tulimwinua wawili. Alipokuwa anatoka aliwaona bata sakafuni, akawaning'iniza kwenye msumari, akafunga mlango taratibu.

Aprili 8

Mganga wa zahanati amefika kwa pikipiki. Mguu haujavunjika. Ana homa. Dawa imeongezwa moja.

Aprili 12

Homa imeshuka. Binti amefika tangu juzi. Bata aliwaona siku ile ile, walikuwa bado kwenye msumari, wameanza kunuka, kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuwanyonyoa. Amewahesabu kwa macho. Kuanguka kwa mama ameambiwa na Gundi.

Leo amekuja kukaa mbele yangu. "Umeshinda, baba. Tulishikana mikono, sina neno." Alikuwa na macho mekundu. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Nilikuwa natazama cherehani. Shuka la zamani, mafundo mawili, kikapu juu.

"Hii nani aliifunga?"

"Ni mimi. Mama aliniongoza kwa mkono. Siku ile nilipoleta mashuka."

"Kwa ajili ya kuvuja?"

Akaonyesha kitanda. "Baba, kuvuja kuko upande ule. Alitaka ifungwe kwa ajili ya safari. Kila nikija ananionyesha mlango, twende."

Kumbe tulipatana juu ya kitanda chake, wawili tumeshikana mikono, na aliyelala chini ya mikono ile hakuna aliyemuuliza. Nikaingia nikamuuliza. Nilimuuliza vizuri, nimekaa, sina kofia. Unataka kwenda kwa mtoto? Hakusema haya. Alichukua kikombe cha pembe pale mezani, akakitia ndani ya kikapu cha nyuzi, akakivuta kikapu kifuani.

Nimemwambia binti alete gari. Ameniuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Nikamwambia aliyeshinda ndiye anayepanga.

Aprili 15

Gobore nimeliosha, nimelipaka mafuta, nimelikabidhi ofisi ya vibali. Karani aliuliza kama linafanya kazi. Nikamwonyesha karatasi ya saruji. Akasema, "Mzee, hii ni kazi ya fundi." Nikasema ndiyo, yuko nyumbani, anapumzika.

Aprili 27

Chumba chetu kina dirisha moja kubwa na sakafu kavu. Jioni bata wamepita juu ya mapaa, kundi zima, chini chini. Mama aliwaona kabla yangu akapiga kengele. Walikuwa karibu. Kwa kikombe chake, wawili wangeanguka kwa mlio mmoja, na hapa hakuna wa kubisha.

Asubuhi, nyeupe. Amemeza.

Mchana, ile mpya. Amemeza.

Jioni, ya njano. Alikataa kwanza. Amemeza.